Ukoo wa O'Swald na simbi za pwani yetu

Kisa hiki kina ukoo mmoja na pwani mbili. Ukoo ni wa O'Swald, wafanyabiashara wa Hamburg waliokuwa na merikebu zao wenyewe. Pwani ya kwanza ni yetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi visiwa vya kaskazini mwa Msumbiji, Unguja ikiwa ndiyo bandari mama. Ya pili iko upande mwingine wa bara, Lagos na Ouidah, kwenye ghuba ya Benin. Kilichoziunganisha ni simbi, yale makombe madogo meupe yenye duara la manjano mgongoni, ambayo wengine huyaita kauri na wengine kete. Huku kwetu simbi ilikuwa pambo na kitu cha kuchezea watoto. Kule ilikuwa fedha: ilinunua chakula sokoni, ililipa mahari, ililipa kodi ya mfalme.

Kwa miaka ishirini hivi, katikati ya karne ya 19, ukoo huu ulinunua fedha kwa watu waliokuwa wakiiokota mchangani, ukaipeleka kwa watu wasiojua kwamba fedha hiyo inaokotwa. Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote, na ndiyo sababu nimekichagua. Tunapozungumzia Wajerumani na pwani yetu, mazungumzo huanzia mwaka 1884 na Carl Peters, yakaenda kwenye bendera, kwa Abushiri, hadi Maji Maji. Lakini nyumba za biashara za Hamburg zilikuwa Unguja miaka 35 kabla ya Peters. Hazikuja na bendera wala askari. Zilikuja na daftari la hesabu, na daftari lile lilifika mbali.

Mtu aliyejifunza bei kabla ya kuwa na merikebu

Mwanzilishi wa nyumba hiyo, aliyezaliwa mwaka 1798, jina lake lilikuwa Wilhelm Oswald. Kati ya 1822 na 1824 alisafiri na Mentor, merikebu ya Prussia iliyoizunguka dunia, akiwa msimamizi wa shehena. Kazi hiyo inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyomtengeneza. Nahodha aliongoza chombo. Msimamizi wa shehena aliongoza biashara iliyomo ndani yake. Zama hizo hapakuwa na simu ya upepo. Mwenye mali alikaa nyumbani miezi kadha wa kadha bila kujua chochote. Msimamizi ndiye aliyeshuka kila bandari, akauliza nini kinatakiwa, nini kimezagaa, kinapimwa kwa kipimo gani, kisha akaamua nini kishuke na nini kipande. Mtu aliyefanya kazi hiyo akiizunguka dunia nzima anarudi na kitu ambacho jirani yake Hamburg hana: anajua kwamba kitu kile kile kina bei mbili.

Mwaka 1831 akafungua nyumba yake ya biashara mjini Hamburg. Jina nalo likabadilishwa likapata sura ya Kiingereza, Wilhelm akawa William na Oswald ikawa O'Swald, na nyumba ikaitwa Wm. O'Swald & Co.

Hamburg ya wakati huo ilikuwa dola ya mji mmoja. Haikuwa na koloni wala jeshi la majini la kuogopwa, na mfanyabiashara wake alipaswa kwenda pale ambapo mlango ulikuwa wazi tayari. Unguja mlango ulikuwa wazi. Sayyid Said alikwisha kufunga mikataba ya biashara na Wamarekani mwaka 1833, na Waingereza mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Bidhaa ya mgeni ilitozwa ushuru wa asilimia 5 forodhani, basi.

Lakini mlango kuwa wazi na kupata pa kukaa ni mambo mawili. Wamarekani wa Salem walikuwa wamekwisha kujikita. Kitambaa chao cha pamba kilipendwa mpaka kikawa na jina lao, marikani, na kwa kitambaa hicho walipata pembe za ndovu na sandarusi. Mrima, ile pwani ya bara inayoitazama Unguja, ulikuwa umefungwa: mgeni hakuruhusiwa kwenda kununua pembe na sandarusi huko mwenyewe, ilimpasa azingojee Unguja mikononi mwa wafanyabiashara Wahindi na Waarabu. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo ilikuwa na maelewano ya siku nyingi na Wamarekani. Mtu wa Hamburg aliyeingia katika miaka ya 1840 alikuta kila bidhaa nzuri ina mwenyewe.

Simbi haikuwa na mwenyewe.

Nani aligundua?

Hapa lazima haki itendeke: aliyeanza si O'Swald. Ni mfanyabiashara mwingine wa Hamburg, Adolf Jacob Hertz, ambaye katikati ya miaka ya 1840 alianza kupeleka simbi za Zanzibar Afrika Magharibi. O'Swald alifuata nyayo, na mwaka 1849 akaweka wakala wa kudumu Unguja. Baadaye ikaja nyumba ya tatu ya Hamburg, Hansing. Upande wa Ufaransa alikuwapo Victor Régis wa Marseille, naye akawa mshindani mkubwa.

Ili kuona ukubwa wa jambo walilolifanya, ni lazima tujue simbi zilikuwa zikifikaje Afrika Magharibi kabla yao. Fedha ya kule kwa karne nyingi ilikuwa simbi ya Maldivi, ndogo zaidi na ya manjano zaidi kuliko yetu. Ilivuliwa katika visiwa hivyo, ikapelekwa Bara Hindi au Ceylon, ikapanda merikebu za Waingereza na Waholanzi hadi London na Amsterdam, ikanadiwa huko, kisha ikapakiwa tena kuelekea ghuba ya Benin. Wakati wa biashara ya watumwa ya Atlantiki simbi hizo zilinunua watu. Safari ndefu namna hiyo, na kila kituo na mlaji wake, ndiyo iliyoifanya simbi iwe adimu, na uadimu huo ndio uliolinda thamani yake. Hapakuwa na sultani wala benki iliyosimamia fedha ile. Mlinzi wake alikuwa umbali.

Watu wa Hamburg waliupunguza umbali. Simbi ya pwani yetu si ile ya Maldivi. Ni kubwa zaidi na nzito zaidi. Swali lilikuwa moja tu: je, muuza mafuta ya mawese wa Ouidah ataipokea? Aliipokea. Sokoni simbi ilikuwa ikihesabiwa, haikuwa ikipimwa kwa mizani, na ya Unguja ilihesabika kama nyingine, japo thamani yake haikulingana sawasawa na ile ndogo.

Duara la merikebu

Sasa tuifuate merikebu ya O'Swald. Inatoka Hamburg na vitambaa, waya wa shaba, shanga, bunduki kuukuu za Ulaya na baruti. Inazunguka Rasi ya Tumaini Jema, inaingia Unguja. Mzigo unashushwa ghalani kwa wakala, na wakala anauza polepole kwa wafanyabiashara wa mjini, ambao wanawakopesha wenye misafara ya bara. Mpaka hapa hakuna jipya. Ndivyo Wamarekani walivyofanya.

Jipya linaanza wakati wa kuondoka. Ghala lina simbi. Zimekusanywa kisiwani na pwani kote, maana simbi hukaa kwenye miamba na majani ya bahari yanayobaki wazi maji yakipwa, hasa siku za bamvua. Aliye hai ndani ya kombe lazima aondoke kwanza, la sivyo shehena nzima inaoza na kunuka. Kwa hiyo simbi hufukiwa mchangani mpaka nyama iozee humo, kisha zinafukuliwa, zinaoshwa na kuanikwa. Ni kazi isiyotaka mtaji wala chombo. Mpaka leo ukienda pwani maji yakipwa utakuta wengi wanaookota vya baharini ni wanawake na watoto, vikapu mikononi, wameinama. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mwanzo wa mnyororo huu, na sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyeambiwa simbi zake zinakwenda kununua nini.

Ndani ya mji, kazi ya kubeba, kusafisha na kupakia ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa malipo ya siku. Neno letu kibarua limetoka katika mazingira hayo ya mji: mfanyakazi wa kukodiwa na barua yake ndogo mkononi, na sehemu ya ujira inakwenda kwa bwana. Wazungu kwa sheria za kwao hawakuruhusiwa kumiliki watumwa, lakini ghala zao zilijazwa na kumwagwa kwa mikono ya watumwa. Nalisema hili kwa sababu maandishi mengi ya Hamburg hupenda kueleza biashara ya simbi kama biashara safi iliyochukua nafasi ya biashara ya watu. Haikuwa safi upande huu, na kama tutakavyoona, haikuwa safi upande ule.

Merikebu ikajaa simbi, ikarudi kusini, ikazunguka tena Rasi, na badala ya kwenda moja kwa moja Ulaya ikakata kuelekea ghuba ya Benin. O'Swald waliweka mawakala wao huko pia, Lagos na Palma, mji wa pwani karibu na Lagos. Simbi zikashushwa, zikanunua mafuta ya mawese. Viwanda vya Ulaya viliyataka mafuta hayo kwa sabuni, mishumaa na kulainishia mashine. Merikebu ikajaa mapipa, ikarudi Hamburg.

Ihesabu safari hiyo vizuri. Hakuna hatua hata moja ambayo chombo kilikwenda kitupu. Faida ilipatikana mara tatu: bidhaa za Ulaya kwa simbi, simbi kwa mawese, mawese kwa fedha taslimu. Zaidi ya hayo, katika hatua ya pili O'Swald hakuwa anauza bidhaa. Alikuwa anashusha fedha. Mwenzake aliyefika Lagos na vitambaa alipaswa kutafuta mnunuzi wa vitambaa, akashindana na wengine, akapunguza bei. Mwenye simbi aliteremka na kitu ambacho kila mtu sokoni anakitaka kwa sababu kila mtu mwingine anakitaka. Na njia ya merikebu za matanga yenyewe ilimsaidia: anayetoka Bahari ya Hindi kurudi Ulaya kwa kuzunguka Rasi hupita magharibi mwa Afrika hata hivyo.

Uzito wa gunia

Katika nchi za Wayoruba na ufalme wa Dahomey simbi zilihesabiwa kwa mpango unaojulikana. Simbi 40 zilitungwa uzi mmoja. Nyuzi 50, yaani simbi 2,000, ziliitwa kichwa. Vichwa kumi ni gunia, simbi 20,000. Biashara kubwa ilikwenda kwa magunia.

Tani moja ya simbi za Zanzibar ina makombe kama laki nne. Maana yake ni magunia 20 kwa tani, na gunia moja kama kilo 50. Gunia la simbi za Maldivi lilikuwa na uzito wa karibu nusu yake. Kwa mfanyabiashara wa Lagos aliyekaa ufukweni tofauti hiyo si kitu. Kwa pagazi anayelitwika gunia kichwani kulipeleka bara, ni kila kitu: mzigo ule ule wa kichwani unabeba nusu ya fedha. Ndiyo sababu simbi zetu zilijaa zaidi pwani na nyuma kidogo ya pwani, na kwenye masoko ya mbali, huko Hausa, watu waliendelea kuipenda ile ndogo.

Na zilijaa kweli. Makadirio ya wanahistoria kwa miaka ya 1851 hadi 1869, kwa nyumba zote za Hamburg na Marseille pamoja, yanazidi tani 30,000. Zidisha mwenyewe kwa laki nne kila tani: ni zaidi ya bilioni 12 za simbi, zimemwagwa katika masoko ya sehemu moja ya bara ndani ya miaka 19.

Msomaji yeyote aliyewahi kushika noti iliyopoteza thamani anajua kinachofuata. Mwaka 1851 Heinrich Barth, msafiri aliyezaliwa Hamburg hiyo hiyo, alifika Kano, mji wa Wahausa, akakuta riale moja ya fedha ni sawa na simbi 2,500. Kufikia miaka ya 1890 Kano riale ilikuwa kama simbi 5,000, na hiyo ni Kano, mbali na bahari. Karibu na pwani, ambako gharika ilishuka moja kwa moja, thamani iliporomoka vibaya zaidi.

Hasara ilimwangukia nani? Si wakala wa O'Swald, kwa sababu hakuwahi kukaa na simbi. Alizipokea asubuhi akazigeuza mawese. Hasara ilimwangukia aliyeziweka. Mwanamke wa Kiyoruba aliyeuza mafuta yake miaka kumi, akafukia vyungu vya simbi chini ya nyumba kwa ajili ya mahari ya mwanawe au siku ya njaa, alikuwa na vyungu vile vile, idadi ile ile, na nusu ya thamani. Hakuibiwa. Hapakuwa na mtu wa kumshitaki. Kila simbi mpya iliyoshuka Lagos ilichukua kipande kidogo cha kila simbi ya zamani iliyolala ardhini, na kipande hicho kilisafiri hadi Hamburg kikiwa ndani ya pipa la mafuta.

Na mafuta yenyewe? Mahitaji yalivyoongezeka, wafalme na matajiri wa Dahomey na nchi za Wayoruba waliongeza watumwa katika mashamba ya michikichi na kwenye njia za kubeba mapipa. Simbi zile zile zilinunua mafuta pwani na zikanunua watu bara. Biashara ya Atlantiki ilikuwa inakufa, lakini utumwa wa ndani ulinenepa kwa kulishwa na bidhaa iliyoitwa halali.

Mkataba, na binti wa Sultani

William O'Swald alifariki mwaka 1859, na wanawe Albrecht Percy na William Henry wakaishika nyumba. Mwaka huo huo, tarehe 13 Juni, mmoja wa ndugu hao alitia saini mkataba wa urafiki na biashara kati ya Sultani Majid na miji mitatu ya Hansa, yaani miji ya biashara ya Kijerumani iliyojitawala, Lübeck, Bremen na Hamburg. Uangalie ukweli huu kwa makini: aliyeweka saini kwa niaba ya dola tatu alikuwa mwenye duka. Hamburg haikuhitaji balozi, ilikuwa na O'Swald. Mawakala wa nyumba hiyo ndio waliokuwa makonseli, kwa hiyo aliyemdai mtu mjini ndiye aliyekuwa pia mlango wa serikali yake.

Majid naye alikuwa na sababu zake. Mapema mwaka 1859 nduguye Thuwaini wa Oman alituma majeshi ya baharini kuja kumwondoa, Waingereza wakawarudisha njiani. Na kabla mwaka haujaisha Barghash, ndugu mwingine, akaasi kisiwani penyewe. Sultani aliyebanwa hivyo humpokea kwa mikono miwili mgeni anayenunua, anayekopesha na asiye na manowari. Kwa miaka 25 uhusiano ule ulikuwa mzuri kwa pande zote mbili, na sioni haya kusema kwamba Zanzibar ilinufaika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokatiza marikani baada ya 1861, nyumba za Hamburg zilikuwapo kuziba pengo.

Kila mtu Unguja anakijua kisa cha Sayyida Salme, nacho kinagusa hapa. Heinrich Ruete aliyempenda alikuja Unguja kufanya kazi kwa Hansing, ile nyumba nyingine ya Hamburg. Salme alitoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, wakaoana Aden tarehe 30 Mei 1867, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya gari la farasi la relini. Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kama cha mapenzi, nacho ni cha mapenzi kweli. Lakini kilitendeka katika mtaa ambamo Wajerumani wote walikuwa makarani wa nyumba mbili tatu, na bwana mmoja kuharibu heshima yake kwa Sultani ilikuwa kuhatarisha mkate wa wote.

1869

Mwaka 1869 O'Swald waliachia vituo vyao vya Afrika Magharibi. Aliyevichukua ni G. L. Gaiser, wakala wao wa zamani Lagos. Kwa nini waache mgodi ulioutajirisha ukoo?

Jibu la kwanza liko kwenye simbi zenyewe. Gharika ilikuwa imeshusha thamani kiasi kwamba pengo la bei kati ya pwani mbili, lile lililokuwa faida yote, lilikuwa linafungwa. Uingereza ilikuwa imeitwaa Lagos mwaka 1861, na sarafu za Kiingereza zilikuwa zinaanza kushika njia. Jibu la pili liko Misri. Novemba 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa. Kwa meli ya moshi, Unguja haikuwa tena njiani kuelekea Lagos. Duara nililolieleza juu lilikuwa duara la matanga, limeshonwa na pepo na Rasi. Suez ilikata uzi. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ikaanza kuleta barua Unguja kwa meli za moshi, na mwaka huo huo kimbunga cha Aprili kikaangusha mikarafuu ya kisiwa.

Katika hesabu za biashara huu ni uamuzi hodari sana, lazima nikiri. Waliingia wakati tofauti ya bei ikiwa kubwa, wakatoka ilipokaribia kwisha, na waliobaki na simbi mikononi walikuwa wengine. Mapema karne ya 20 serikali za kikoloni zilipiga marufuku au zikakataa kabisa simbi, zikadai kodi kwa sarafu zao. Vyungu vile vya akiba vikawa vyungu vya makombe.

O'Swald wakageukia Bahari ya Hindi: pembe, ngozi, karafuu na sandarusi kutoka Unguja, na matawi Madagaska.

Bendera inafika

Peters alipokuja mwaka 1884 na karatasi zake za Usagara, nyumba za Hamburg Unguja hazikumfurahia. Zilikuwa na sababu. Biashara yao ilisimama juu ya ridhaa ya Sultani, na Peters alikuwa anamnyang'anya Sultani nchi. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikapanga mstari mbele ya jumba la Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani, na ndani ya msafara huo akawamo Salme, mjane wa Hamburg, aliyeletwa kama kisingizio. Barghash akakubali yaliyotakiwa.

Na nyumba za Hamburg? Hazikuondoka. Bendera ilipokwisha kusimama zilikaa chini yake. Mwaka 1890 ilipoundwa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie mjini Hamburg, serikali ya Berlin ikiahidi marki 900,000 kila mwaka kama ruzuku, jina la O'Swald lilikuwapo pamoja na la Woermann, bwana wa meli za Kamerun. Ukoo uliokuwa umejivunia kufanya biashara bila dola sasa ulilipwa na dola ili meli zipite. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 na ziwa likafunguka, O'Swald walikuwa Mwanza wakinunua ngozi. Kwangu hapa ndipo hoja ya kwamba wafanyabiashara wa zamani walikuwa upande wa Sultani inapovunjika. Walikuwa upande wa njia iliyo wazi, yeyote aliyeishika.

Vita ya 1914 iliifunga nyumba ya Unguja kama nyumba zote za Wajerumani, na baada ya vita Waingereza wakauza mali za maadui huko Tanganyika. William Henry, ambaye kwao aliwahi kuwa seneta na meya wa pili wa jiji, aliishi mpaka 1923 akayaona yote.

Simbi zenyewe zimebaki kwenye ndimi za watu. Mganda akitaja fedha husema ensimbi, maana simbi za pwani zilipanda na misafara hadi Buganda, nazo zikawa fedha huko pia. Jina la fedha ya Ghana, cedi, limetokana na neno la Kiakan lenye maana ya simbi. Pwani kwetu neno halikupata kuwa na maana ya fedha.

Hamburg, kwenye bandari upande wa kusini wa mto Elbe, kuna gati liitwalo O'Swaldkai, kwa jina la ukoo huo. Siku hizi hupakiwa magari hapo, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya, yakienda bandari za Afrika Magharibi.